Samadi Juu ya Saruji

Siku sabuni ilipofika katika duka la ushirika la Biharamulo, mwaka wa sabini na sita, mji mzima ulipata habari kabla dereva wa lori hajazima injini. Watu waliacha nyama kwenye mizani ya bucha, waliacha kesi barazani, wakakimbia na vikapu. Foleni ilizunguka duka mara moja na nusu, kisha ikashuka na njia ya bomani.

Katikati ya foleni hiyo alisimama Halfani bin Saidi, fundi cherehani, kijana wa miaka ishirini na sita. Alikuwa amevaa suruali ya bugaluu aliyoishona mwenyewe, pana miguuni kiasi cha kufagia barabara, na shati la maua lililombana kifuani. Alijiona amependeza. Kwa kweli alikuwa amependeza.

"Kaka, wewe umepanga foleni au umekuja kupunga upepo?" sauti ya kike ikauliza nyuma yake.

Halfani akageuka. Alimwona msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, ndani ya gauni jeupe la uuguzi na sweta ya buluu iliyofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Macho yake yalikuwa makubwa, na hayakuwa na haraka ya kutazama pembeni.

"Kwani nimekosa nini, dada yangu?"

"Mbele yako kuna nafasi ya watu watatu. Wenzio wanaingia hapo mmoja mmoja, na wewe unawatazama tu kama unawahesabu. Songa! Hivyo ndivyo mtu anavyorudi nyumbani bila sabuni."

Halfani akasonga. "Haya, nimesonga. Kuna kosa jingine?"

"Lipo. Hiyo suruali inazoa vumbi lote la Biharamulo. Sabuni utakayopata leo itaishia miguuni."

"Nimeishona mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Foleni ikaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Halfani. Sabuni ilikwisha watu wanne mbele yao. Wakaondoka mikono mitupu, wakiongozana, na kabla ya kufika zahanati Halfani alikuwa amekwisha jua kwamba msichana yule anaitwa Kwandu, binti wa Mzee Luhende, Msukuma aliyehama Shinyanga na ng'ombe wake akaweka makazi Bisibo. Siku ile ulimi wa Kwandu ulimwingia Halfani kama tangawizi ndani ya chai. Aliuona ndio uhai wenyewe.

Hazikupita mvua mbili, wakaoana bomani mbele ya Mkuu wa Wilaya, kila mmoja akabaki na dini yake. Bi Mwanaisha, mama yake Halfani, mjane wa mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani, alilia siku moja, kisha akapika pilau siku tatu. Arusi ikawa arusi.

Wakaingia katika nyumba ya serikali karibu na zahanati, vyumba viwili, bati juu na saruji chini. Halfani akaweka cherehani yake barazani. Kwa kuwa Kwandu alikuwa na zamu, mara asubuhi mara usiku, walikubaliana jambo ambalo wanaume wengi wa Biharamulo walilisikia kwenye mikutano tu: aliyepo nyumbani ndiye afanye kazi ya nyumbani. Halfani alikubali huku anacheka. Mtu aliyelewa mapenzi hukubali hata kubeba mlima.

Shida ilianza na sufuria.

"Halfani, hii umeiosha?"

"Nimeiosha, mpenzi."

"Umeiosha ndani. Nje je? Tazama masizi haya. Na ufagio mbona umeusimamisha kwenye maji? Utaoza. Na hapa chini ya kitanda ufagio haukufika, umefagia wageni wanapoona tu."

Aliyasema bila kununa, huku anavua viatu, kama mtu anayesoma barua. Lakini Halfani alihisi moto ukimpanda kutoka tumboni hadi masikioni.

"Kama hupendi, fanya mwenyewe! Mimi ni fundi, si mtwana wako!"

Kwandu akabaki na kiatu mkononi. "Nani kakuita mtwana?"

"Wewe! Kila siku!"

"Mimi nimesema masizi."

Hapo walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Kesho yake walipatana, Kwandu akamtania, "Bwana fundi, leo naruhusiwa kusema au nipeleke maombi kwa maandishi?" naye Halfani akacheka na kumshika kiuno. Wiki iliyofuata ilikuwa vyombo, au maji ya kunywa yaliyotolewa motoni kabla ya kutokota, na moto ulipanda upya. Alijiuliza mwenyewe akikanyaga cherehani: Mke huyu ananipenda. Ananifulia mashati kwa mkono wake, ananikanda mgongo nikiinama mno kwenye kazi. Sasa kwa nini ananisema?

Alikolelewa yeye, hakuna aliyesemwa usoni. Chakula kikizidi chumvi, marehemu baba yake aliomba ndizi mbivu, akala kwa upole, na Bi Mwanaisha alielewa. Aliyeambiwa kosa lake waziwazi mbele ya watu alikuwa mmoja tu: mtumishi wa jikoni. Kwa hiyo Kwandu alipotaja masizi, Halfani hakuyasikia masizi. Alisikia cheo chake kinateremka.

Mwaka wa sabini na nane, mwezi wa Novemba, vita vilikuwa vimeingia mkoani. Redio zilifunguliwa kwenye kila baraza, mgambo walipita wakiimba, na Halfani alishona kaptura za kaki hadi vidole vikafa ganzi. Kwandu alichaguliwa kwenda kusaidia katika kambi moja upande wa Bukoba, walikokusanyika watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto. Aliondoka asubuhi juu ya lori la mahindi, gauni lake jeupe likiwa ndani ya begi la turubai ambalo Halfani alilishona usiku kucha.

"Begi zuri," Kwandu alisema, akilipapasa. "Ila mkanda mfupi."

"Hata leo?" Halfani akauliza. "Hata leo, Kwandu?"

Lori likaondoka. Kwandu alipunga mkono hadi kona. Halfani alibaki barabarani, hajui kama amekasirika au anataka kulia.

Baada ya siku kumi na mbili, Minani, karani wa posta, alimletea habari barazani. "Fundi, mkeo atapiga simu saa nane. Wakubwa wamempa dakika tatu, simu zote ni za jeshi siku hizi. Usichelewe."

Halfani alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akajipaka mafuta. Minani alipomwona akacheka: "Simu haina macho, Fundi." Nyuma yao walikuwepo watu saba wakisubiri barua, na kila mmoja alikuwa ametega sikio.

"Haloo! Kwandu?"

"Halfani! Unanisikia?"

"Nakusikia, mpenzi wangu! Nyumba imekuwa pango bila wewe. Silali, sili—"

"Maji unachemsha?"

"Nini?"

"Maji ya kunywa! Unasubiri yatokote, au unayatoa yakianza tu kufuka, kama kawaida yako?"

Nyuma yake mtu akacheka puani. Masikio ya Halfani yakawaka.

"Watu wako vitani, nimekaa siku kumi na mbili bila kusikia sauti yako, na wewe unaniulizia sufuria? Mimi si mpishi wako! Kama ulitaka mtumishi ungeajiri, usingeolewa!"

Simu ikakoroma. Kutoka mbali sana ikaja sauti ndogo: "Sawa, Halfani." Kisha upande wa pili ukakata.

"Bado una dakika moja na nusu," alisema Minani, akitazama saa ya ukutani ili asimtazame yeye.

Barua ilifika Desemba, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya zahanati.

"Mume wangu Halfani, mimi ni mzima. Huku kuna kuhara. Juzi nimewafunika sanda watoto watatu kwa siku moja, wote wa maji machafu. Kazi yangu hapa inakwisha na wakubwa wameniuliza: nirudi Biharamulo, au niende Ntobeye, kule Ngara, ambako zahanati haina muuguzi. Nimeomba niseme baada ya kufika nyumbani. Nitafika Jumamosi tarehe kumi na sita. Nikisema neno la kazi za nyumba ukanijibu kama ulivyonijibu kwenye simu, basi nitakwenda Ntobeye, na nitakwenda peke yangu. Sikutishi. Nimechoka. Mkeo, Kwandu."

Halfani aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa. Watoto watatu. Maji. Kumbe aliuliza maji kwa sababu hiyo! Mbona hakusema? Lakini angesema saa ngapi, ikiwa yeye alikuwa anapiga kelele? Akaenda kwa mama yake.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanaisha, akichambua mchele, "mwanamume hafagii. Ungeacha ufagio toka mwanzo, usingesemwa. Mwache aende huko Ntobeye akaseme migomba."

"Nampenda, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimechoka."

Alhamisi akapanda baiskeli kwenda Bisibo. Alitaka mtu amwambie jambo lililonyooka. Alimkuta Mzee Luhende shambani, anapalilia karanga pamoja na watu wa kijiji, na kati yao alikuwemo mwalimu mgeni aliyehamia juma lile.

"Mwangaluka, mkwe!" Mzee Luhende alimpokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jembe hilo hapo."

Mkwe hakuambiwa hata kukaa. Halfani akakunja suruali, akalima. Kando yake mwalimu alikuwa akikata majani juujuu na kuacha mizizi, na kila baada ya hatua tano aling'oa karanga moja. Mzee Luhende akapita, akatabasamu: "Vizuri sana, mwalimu, asante sana." Akafika kwa Halfani, akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Mkwe! Unapalilia au unazika majani? Yatafufuka kesho! Rudi nyuma, anza tena."

Shamba lote likacheka. Mzee mmoja, Shibuda, alipaza sauti kutoka mstari wa mbali: "Mwonee huruma, Luhende, mikono ya sindano hiyo!" Halfani alirudi nyuma, akaanza tena, uso unawaka. Walipokaa kunywa maji, alishindwa kujizuia.

"Baba, mwalimu ameharibu kuliko mimi. Yeye umemshukuru. Mimi umenisema mbele za watu."

Mzee Luhende alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linatoka.

"Yule ni mgeni. Mgeni hasemwi. Akiondoka nitarudia mstari wake mwenyewe. Wewe utaondoka?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi nini, baba?"

"Basi ndiyo hivyo." Akanyanyuka na jembe lake.

Jioni, wakati wa kuaga, Halfani alimwona mama mkwe wake, Nshoma, ameinama mlangoni, anasiriba sakafu kwa samadi, mkono unazunguka nusu duara, nusu duara, sakafu inang'aa kama ngozi mpya. Kwa heshima alitazama pembeni na kumuuliza mzee: kuna sherehe gani?

"Kwandu anarudi. Labda atapita hapa. Mtoto akitoka mbali nyumba husiribwa, ajue alikuwa anangojwa."

Njia nzima ya kurudi Halfani alikanyaga baiskeli na kufikiri. Mgeni hasemwi. Nyumba husiribwa. Aliyaunganisha maneno haya mawili jinsi kichwa chake kilivyoweza, na kichwa chake kilikuwa kimechoka. Akaona nuru. Kwandu anamsema kwa sababu nyumba yao si kama ya kwao! Sasa atamwonyesha kwamba yeye naye ni wa Bisibo.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa jirani mwenye ng'ombe, akarudi na ndoo mbili za samadi mbichi. Alipumua kwa mdomo. Mara mbili alitoka nje kutapika, mara mbili akarudi. Alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, mikono imezama hadi viwiko, Bi Mwanaisha alipoingia na bakuli la maandazi.

"Halfani! Unafanya nini?"

"Nampokea mke wangu, mama."

"Kwa mavi? Najisi ndani ya nyumba ya Mwislamu? Utasali wapi?"

Hilo Halfani hakulifikiri. Bi Mwanaisha aliweka maandazi dirishani, akajifunika uso kwa ukaya wa baibui, akaondoka bila kuaga.

Saa kumi lori likamshusha Kwandu njia panda. Halfani alimngoja mlangoni, amevaa kanzu nyeupe, amenawa mara sita. Mke wake alikuwa amekonda. Gauni la uuguzi lilikuwa limegeuka rangi ya barabara, miguuni alikuwa na buti za mgambo zisizo na kamba, na begi lilimning'inia kwapani kwa mkanda ule mfupi.

"Karibu nyumbani, mke wangu."

"Nimekaribia." Alitabasamu, kisha tabasamu likasimama. Alinusa. "Halfani, ng'ombe wa nani kaingia ndani?"

"Hakuna ng'ombe. Nimesiriba."

"Umefanya nini?"

"Nimesiriba sakafu. Kama kwenu. Kukupokea."

Kwandu alipiga hatua moja ndani. Pembeni samadi ilikuwa imekauka na kujikunja kama magamba ya samaki; katikati ilikuwa bado mbichi, na buti likateleza. Akashika ukuta. Nzi wakainuka wote kwa pamoja.

"Halfani! Hii ni saruji! Samadi inashika udongo, haishiki saruji. Kwetu wanasiriba kwa sababu hawana saruji! Na umeitia mbichi hivi hivi, hukuchanganya udongo wala majivu. Tazama nzi! Mimi natoka kwenye kuhara, nimezika watoto, nafika nyumbani nakuta nzi wametandikiwa zulia!"

Jibu lilipanda. Lilipanda lote, zima, na miguu yake: Nimetapika kwa ajili yako. Mama yangu ameondoka bila kuniaga kwa ajili yako. Kuna mume gani mwingine katika wilaya hii aliyeingiza mikono kwenye mavi kwa ajili ya mkewe, na bado anasemwa? Lilifika kwenye meno. Halfani akaushika mwimo wa mlango. Hakuwa na hekima yoyote wakati ule. Hakuelewa kwa nini samadi ni heshima Bisibo na uchafu hapa, wala kwa nini mwalimu alishukuriwa. Alielewa kitu kimoja tu: neno moja litoke, na mwanamke huyu atakwenda Ntobeye peke yake. Akabana meno hadi jibu likaanza kupoa, likawa zito, likarudi lilikotoka.

"Endelea," akasema.

"Niendelee na nini?"

"Hujamaliza. Nimesikia saruji, nimesikia majivu, nimesikia nzi. La nne ni lipi?"

Kwandu akamkazia macho. "Unanikejeli?"

"Sikukejeli. Sielewi, Kwandu. Wallahi sielewi hata kimoja. Niambie nilipoharibu, nitengeneze."

Sauti ya Kwandu ikashuka.

"La nne, utasali wapi? Miaka miwili naisugua sakafu hii kwa magoti ili wewe upate mahali safi pa kuweka paji lako la uso. Leo umeichafua kwa mikono yako."

"Ulikuwa unaisugua kwa ajili ya sala yangu?"

"Kwa ajili ya nini kingine?"

"Nilidhani ni ugonjwa wa wauguzi. Usafi. Mbona hukuniambia?"

"Nikianza na ufagio, wewe umeshafika kwenye utumwa. Nitakuambia saa ngapi?"

Halfani alivua kanzu, akaitundika, akaenda kuleta maji. Kwandu akavua buti. Walipiga magoti upande mmoja, brashi moja na gunzi moja, wakaanza kukwangua. Maji ya kijani yakatiririka mlangoni.

"Nikuulize," alisema Kwandu. "Miaka miwili wewe hujanisema hata neno moja. Kwa nini?"

"Nakuheshimu."

"Unaniheshimu kama mgeni. Kila kitu changu kizuri, asante, asante. Kwetu mtu wa namna hiyo anangojewa aondoke. Nilikuwa nalala najiuliza: lini huyu mwanamume atanifanya wa humu ndani?"

Halfani aliacha kukwangua. Alichompa kwa heshima, mwenzake alikipokea kama mlango uliofungwa. Na alichopewa kama mlango uliofunguliwa, yeye alikipokea kama kofi.

"Unataka nikuseme?"

"Nataka."

Alitazama dirishani, kama mtu anayehofia jirani asisikie. "Wali wako..."

"Wali wangu umefanya nini?"

"Unaupika kama uji wa wagonjwa. Mtu hajui atafune au anywe."

Brashi ikasimama. Shingo ya Kwandu ikakaza. "Wali wangu? Wali ninaopika nikitoka zamu, miguu imevimba, na wewe ukala sahani mbili ukasema—" Akajikata. Alifumba macho, akavuta pumzi kupitia puani, akaitoa polepole. "Endelea," akasema kwa taabu.

"Ni hilo tu."

"Sema! Maji mengi?"

"Maji mengi. Na unaukoroga. Wali haukorogwi."

"Kesho utanionyesha." Akakwangua kwa nguvu mahali palipokuwa pameshatakata. Kisha akasema, bila kumtazama: "Kumbe linauma hivi."

"Linauma."

"Pole, mume wangu. Sikujua."

"Nami sikujua kuhusu watoto wale. Ungeniambia maji kwa sababu yao, ningechemsha hata bahari."

Kwandu akacheka, machozi yakamshuka humo humo, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Halfani akamfuta upande wa pili kwa kiwiko chake. Walikuwa wananuka zizi.

"Ntobeye," alisema Halfani. "Sikukujibu vibaya. Kwa hiyo unabaki?"

Kwandu alikaa juu ya visigino vyake. "Hapana. Ntobeye hawana mtu, Halfani. Wanawake wanajifungulia njiani. Nataka kwenda."

"Ngoja. Nikikujibu vibaya, unakwenda. Nisipokujibu vibaya, unakwenda vilevile?"

"Ndiyo."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Ningekwenda peke yangu." Akamshika mkono wenye samadi kwa mkono wenye samadi. "Sasa nakuomba twende wote. Wewe ulinichumbia mara ya kwanza. Safari hii nakuchumbia mimi. Huko watu wanavaa nguo, na nguo zinachanika. Twende, fundi wangu."

Halfani alimtazama. Alifikiria mama yake, baraza lake, wateja wake wa miaka minane, vilima vya Ngara asivyovijua na watu wanaosema Kihangaza asichokijua neno. Bado hakuwa ameelewa yote. Alianza kushuku kwamba hataelewa yote.

"Nitakuja," akasema. "Ila sakafu ya huko iwe ya nini?"

"Udongo."

"Mungu wangu!"

Wiki ya pili ya Januari lori la zahanati lilisimama mbele ya nyumba. Mtaa mzima ulikuja kuaga: Minani wa posta, wateja wenye nguo ambazo hazijakwisha, na Bi Mwanaisha na baibui lake, aliyekwisha sema kwamba hatalia na tayari alikuwa analia. Halfani alipandisha cherehani mwenyewe, akaifunga kwa kamba, akashuka akipangusa mikono mbele ya watu wote.

Kwandu alipanda, akaitikisa.

"Halfani, kamba hii umeifunga vibaya. Itafika Ntobeye vipande vipande."

Bi Mwanaisha akaweka kiganja mdomoni. "Fundi, unasemwa!" akaropoka Minani.

Moto ulipanda, ule ule wa siku zote, kutoka tumboni hadi masikioni. Kumbe hauondoki. Halfani alisimama nao kidogo, kama mtu anavyosimama na mvua. Kisha akapanda juu ya lori, akafungua fundo.

"Shika huku," akamwambia mkewe. "Vuta. Na kanga yako nayo umeifunga vibaya, itaanguka kabla hatujafika Lusahunga."

Kwandu akaitazama kanga yake, akaikaza. Dereva akapiga honi.